Dirisha la Chumba cha Taqiyya

Taqiyya, mke wa mwanangu, alikwisha kuzika watoto wawili wachanga, wote walifia chumba kimoja hapa mjini Sanaa. Alipomzaa Hamud, aliziba tena dirisha kwa blanketi, kama alivyofanya kwa wale wawili, ili jini anayekalia vifua vya watoto asimwone. Miezi ikapita mtoto hajaonja jua, akaanza kuhema kama aliyepanda mlima, na mkoromo mzito ukasikika kifuani pake. Daktari akasema moyo umetanuka na misuli yake imelegea kwa kukosa vitamini D. Akatupa dawa za moyo na matone ya vitamini, na akataka dirisha lifunguliwe.

Matone Taqiyya aliyakubali. Nilipolishika blanketi, akaning'ang'ania mkono.

"Mama, usifungue! Atamwona!"

"Na nduguze aliwaonaje, mwanangu? Si gizani humu humu?"

Akaniachia huku analia. Nikasema Bismillahi, nikavuta, nikafungua na kioo.

Jua likafika kitandani. Nikampakata Hamud. Alikuwa bado anahema upesi kifuani pangu, lakini ule mkoromo tuliodhani ni wake ulikuwa unashuka ngazi, taratibu, kama mtu mzito.