Kaki za Plastiki

Siku Sayo alipofariki, tarehe ishirini na nane Septemba, kaki, yale matunda ya Kijapani yanayofanana na nyanya, zilikuwa bado mbichi mtini. Mumewe, Tokizo, alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Alipotoka alikuta vikombe viwili vya chai vimeshamiminwa, na mkewe kainama juu ya meza kama anayetafuta sindano.

Kwa miaka arobaini Sayo ndiye aliyemenya kaki zile kali zisizolika mtini, akazifunga kamba na kuzitundika chini ya upenu zikauke ziwe tamu. Mpita njia mmoja alipiga picha, picha ikawa bango, bango likaleta basi. Chama cha utalii kikaupa upenu jina: Pazia la Vuli. Sayo alikuwa akicheka mpaka ajishike mbavu. "Baba we, watu wanatoka Osaka kuja kutazama chakula chetu kabla hatujakila!"

Siku ya saba ya msiba Kuramochi wa chama cha utalii alikuja na bahasha ya rambirambi. Alichoma ubani, akalia kwa kiasi, akakunja leso, akatoa kalenda.

"Pole sana, mzee. Marehemu alikuwa hazina ya kijiji." Akakohoa. "Sasa, mabasi yanaanza mwezi wa kumi na moja. Na ule upenu?"

Tokizo alitaka upenu ubaki mtupu mwaka huu, basi. Lakini kumkatalia mgeni usoni si adabu.

"Nitafikiria," alisema.

Kijijini pale hata mtoto anajua kwamba nitafikiria ni hapana iliyovaa soksi. Kuramochi, mzaliwa wa papo hapo, alijua kuliko wote. Kwa hiyo aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Tunashukuru kwa ridhaa yako, mzee!" Kabla Tokizo hajafumbua mdomo, mgeni alikwisha kuvaa viatu.

Siku ya arobaini na tisa, siku ya kumaliza matanga, Tokizo alirudi kutoka kuzika mifupa ya mkewe iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, amevaa suti nyeusi. Upenuni zilining'inia kaki mia tatu za plastiki, zote saizi moja, zinang'aa kama vipara vilivyopakwa mafuta. Barazani aliketi jirani yake, Bi Shimomura, na kisu mkononi.

"Usinikodolee macho, kaka Tokizo. Watu wa chama wameniambia niiname kama marehemu. Mgongo unaniua!"

"Samahani, babu," mtalii mmoja alimwambia, "sogea pembeni kidogo. Hiyo suti inaharibu picha."

Tokizo akamgeukia Kuramochi, aliyekuwa akiwapanga watalii walioshuka kwenye basi. "Hapana."

"Hapana nini, mzee?"

"Zitoe."

"Lakini ulisema utafikiria!"

"Nimeshafikiria."

Akachukua mkasi wa bustani na kukata kamba moja baada ya nyingine. Kaki zilidundadunda barabarani, watalii wakizifuata na simu zao kama wanaofukuza kuku.

Kesho yake Kuramochi alirudi na keki. "Mzee, video imependwa ajabu! Je, huwezi kuzikata kila Jumamosi saa nne?"

"Hapana," alisema Tokizo, akamfungia mlango, keki na vyote. Mara hii ilikuwa rahisi zaidi.

Siku hizi basi linasimama kwa Bi Shimomura. Upenu wa Tokizo ni mtupu, na kaki za mtini wanazila kunguru.