Kitanda cha Nyawira

Nyumba yetu haina kuta za ndani. Zamani ilikuwa ghala la kinu cha kahawa, hapa sehemu ya zamani ya Nyeri. Mwenye jengo akatoa mashine, akapaka sakafu rangi, akapandisha kodi na kutwambia vyumba vimepitwa na wakati. Mke wangu Nyawira aliipenda papo hapo. Mimi niliipenda mpaka mama yake alipopiga simu kutoka Tetu kwamba anakuja kuona binti yake anaishi wapi.

Kwao Tetu, na kwetu Timau vilevile, mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe. Akikiona ni aibu kwa koo zote mbili. Na chetu, ukifungua mlango tu, hicho hapo, kinakukodolea macho.

Tulitundika shuka, zikaanguka. Kukitoa nje hakukuwezekana kwa mvua ile. Ndipo nikaikumbuka winchi ya kupandishia magunia, ambayo mwenye jengo aliiacha iwe pambo. Tukakifunga kitanda kwa minyororo, nikavuta, kikapaa mpaka karibu na mabati, mito na yote. Nilijiona mhandisi kamili.

Mama akaingia, akaketi, asiguse chai. Macho yake yalizunguka: kochi, jiko, kabati, viatu. Nyumba nzima aliimaliza bila kuinuka, na cha kulalia hakukiona.

"Kathurima," akasema, "mtoto yangu analala wapi?"

Nikajibu kwamba tunalala vizuri. Akauliza kama ni kwa hii simiti. Nikakohoa. Akamwambia Nyawira achukue koti, wanarudi nyumbani, hakumlea aje alale chini. Mama huyo hatanii, na Nyawira hajawahi kumbishia. Niliogopa sana.

Aibu ni aibu, lakini mke ni mke. Nilimwomba mama asogee kando, nikalegeza mnyororo. Kitanda kikashuka kikiyumba na kulia kwii, kwii; mto mmoja ukatangulia, ukamwangukia miguuni. Mama akageukia ukuta haraka, akajifunika leso usoni.

Kikatua.

"Nyawira," akasema akiwa bado ameuelekea ukuta, "ni kubwa?"

"Ni kubwa, mum."

"Na iko na godoro ya maana?"

"Iko nayo."

"Basi mwambie arudishe huko juu. Tunywe chai."