Mayai ya Mpingo

Kuku yule nilimtukana mpaka matusi yakaniishia. Kutaga anataga, yai lake kila asubuhi, halafu anatoka bandani na makelele, mtaa mzima wa Temeke ujue Kishungi ametaga. Kisha huyo, anakwenda zake kupekua jalalani. Kulalia mayai hataki. Mchana kutwa anazurura, ungedhani ana miadi na mtu.

Na mie mwaka ule sikutaka kitu chochote kama nilivyotaka kuku yule alalie. Si kwa ajili ya kitoweo, la. Kishungi alikuwa kuku wa marehemu mwanangu Tabu. Tabu alifariki masika, akaniachia kuku huyo na binti mmoja, Tunu. Msiba haujapoa, Tunu akavunja ungo. Na sie Wazaramo mambo yetu mnayajua: binti akivunja ungo anawekwa ndani, haonani na watu, somo wake anamfunda, anakula ananenepa, mpaka siku ya ngoma ya kumtoa.

Basi tukamweka ndani. Lakini Tunu wangu hakunenepa. Alikaa pembeni mwa chumba kajifunika kaniki gubigubi, hasemi, halii, hata siku ya kumzika mama yake hakulia. Chakula anakitomasatomasa, anarudisha sahani. Mikono ikawa vijiti. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nimezika mtoto, nikajiona naelekea kuzika na mjukuu. Siku moja tu alifungua kinywa, akaniuliza, "Bibi, kuku wa mama ameshalalia?"

"Bado, mjukuu wangu."

Nikatoka uani, nikamnyooshea Kishungi kidole. Wewe, utalalia, utake usitake! Mtoto ameuliza kitu kimoja tu, nami kila siku nimjibu bado?

Somo wake, Bi Mwanabaraka, alinikuta asubuhi moja natoka bandani na yai mkononi, la moto bado, nakwenda kumchemshia Tunu.

"Mwajabu," akasema, "kila anachotaga unamnyang'anya. Sasa unataka alalie nini, mavumbi? Na mwali mwenyewe hayo mayai hali."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikaacha kuyaokota. Kenge naye akapanda kutoka bondeni, akayanywa yote, akaniachia maganda. Hapo ndipo nikamwendea Alfonsi.

Alfonsi alikuwa jirani yangu, Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago ambavyo Wazungu wa mjini walivigombania. Nikamwambia nichongee mayai ya mti, niyaweke kiotani. Kenge hatayaweza, na kuku akiona kiota kimejaa, huenda hamu ya kulalia ikamjia. Alicheka mpaka akaweka tezo chini.

"Bibi, nyie watu wa pwani hata kuku mnamdanganya?"

"Chonga, baba. Usinichekee."

Akayaleta. Lahaula! Mayai mazuri, laini, yanang'aa, na meusi tititi. Ameyachonga kwa mpingo!

"Alfonsi, umeona wapi kuku anataga makaa?"

Akanuna kweli. "Mti mwingine ni kuni, bibi. Mie sichongi kuni."

Ningefanyaje? Nikayapaka chokaa mwenyewe, nikayaanika, nikayapaka tena. Kwa mbali ungesema ya kuku.

Kishungi akaja, akayatazama kwa jicho hili, akayatazama kwa jicho lile, akataga lake pembeni, akaondoka. Nikakaa kwenye kinu nikafikiri. Banda limeegemea ua wa Alfonsi, na tezo lake linagonga ngo ngo ngo toka asubuhi. Mbuzi wanapita, watoto wanapita. Nani angetulia hapo? Kuku anataka giza na kimya. Na nyumbani kwangu palikuwa na mahali pamoja tu penye giza na kimya kutwa nzima.

Bi Mwanabaraka nusura aanguke. "Kuku? Chumba cha mwali? Utitiri utamla mtoto! Na watu watasema nini?"

"Utitiri nitautilia majivu. Watu wakitaka kusema, waseme."

Akajifunga kanga yake akaondoka bila kuaga. Nikaingiza tenga, nikatandika majani makavu na majivu, nikapanga mayai ya Alfonsi, nikamtia Kishungi ndani na kumfunika na kanga kuukuu. Kila alipotaga, yai lake nalihifadhi kwenye chungu cha pumba mahali pa baridi. Nikamwambia Tunu, "Usimshtue. Ukae kimya." Mtu mzima mie, namwambia mtoto yule akae kimya!

Zikapita siku. Mchana mmoja nasonga ugali, nikasikia, "Bibi! Bibi, njoo!"

Mwiko niliutupa. Kishungi alikuwa amejibana juu ya mayai ya mti, katuna, manyoya yamemsimama. Nilipopeleka mkono akanidonoa mpaka damu. Nilifurahi, jamani, ningeweza kumbusu! Jua lilipozama nikapenyeza mkono chini yake, bila taa nisimtishe, nikatoa ya mti na kuweka yake mwenyewe moja moja. Tunu alinishikia chungu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatazama kitu.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe wapi. Kuku anayelalia hali, mnajua. Anashuka mara moja kwa siku, anadonoa punje mbili tatu, anarudi. Tunu naye akaanza hivyo hivyo. Kuku akishuka, naye anakula matonge mawili. Kuku akirudi, naye ananawa.

"Kula, mama."

"Kishungi naye hali, bibi."

Hasira zikanipanda. "Kishungi ana mayai chini yake! Wewe una nini?"

Alivuta kaniki akajifunika uso, nami nikajuta kusema. Nilikuwa nimetaka kumponya mtoto, sasa nina wawili wanaolalia nyumba moja, na mmoja wao anakonda kwa sababu yangu.

Vifaranga vikaanguliwa. Nilisikia vinalia toka ukumbini, nikapiga kigelegele peke yangu. Bi Mwanabaraka, na kununa kwake kote, akaja kuchungulia. Lakini Kishungi hakuinuka. Siku ile hakuinuka, na kesho yake pia. Vifaranga vinapanda ukingo wa tenga vinataka mwanga, vinalia njaa, kimoja kimeshaanza kulegea shingo, na yeye amekaa tu. Alikuwa amebakiwa na yai moja.

"Muacheni, litaanguliwa," akasema Bi Mwanabaraka.

"Viza hilo," nikasema mie.

Tunu hakutusikiliza. Akasogea, akaingiza mkono chini ya kuku. Hakudonolewa. Akalitoa yai, akalileta mlangoni penye mwanga. Chokaa ilikuwa imebanduka kwa joto, na ndani yake ni mpingo, mweusi, unang'aa. La Alfonsi! Macho yangu ya kizee yaliliacha jioni ile, na kuku wa watu akalilalia siku zote hizo kama wanawe wengine.

Tunu alikuwa amelishika kwa mikono miwili, analigeuzageuza. Kisha akachuchumaa mbele ya tenga, akasema polepole, "Hili halina mtoto, mama. Hata ukilikalia vipi halirudi. Inuka, wanao wana njaa."

Alimwita kuku mama. Na hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale ambayo tuliyangoja toka siku ya maziko, yakamtoka kwa sauti, mabega yanatikisika. Bi Mwanabaraka akataka kumkimbilia. Nikamshika mkono. Nami nilikuwa nalia, msinione mkali.

Kishungi akainuka. Akajikung'uta majivu, akaruka nje ya tenga, akaita, na vifaranga vikamfuata kuelekea uani penye jua. Tunu aliwatazama mpaka wakatoka. Kisha akajifuta uso kwa pindo la kaniki, lile yai bado liko mkononi mwake.

"Bibi," akasema, "nina njaa."