Mbuzi wa Tatu Kuharibu Mimba

Mbuzi wa tatu alipoharibu mimba wiki ile, mama mkwe alikuwa anaumwa mgongo na mwanawe yuko safarini. Akamwita mkamwana.

"Njoo unisaidie kulivuta kondo hili la nyuma, limekwama."

Mkamwana, mjamzito wa miezi saba, alisita mlangoni mwa zizi. "Mama, harufu yake inanichafua roho."

"Mimba si ugonjwa. Mie nilichanja kuni hadi siku ya uchungu."

Akaingia, akavuta kwa mikono mitupu.

Kesho yake, mkamwana akiwa ameenda sokoni, akaja daktari wa mifugo. Alivaa glavu na barakoa, akafunga kitoto kilichokufa na kipande cha kondo apeleke maabara.

"Ni husuda ya jirani," mama mkwe alisema.

"Jirani hana kosa. Nashuku bakteria. Wanakaa kwenye kondo na maji ya uzazi, na binadamu huwapata, mjamzito hasa. Nani aligusa?"

"Mimi," mama mkwe akajibu, upesi mno.

Tangu hapo hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alimuuliza mkamwana kila saa kama kichwa kinamuuma.

"Mama, kwani leo umekalia siafu?" mkamwana akacheka.

Siku ya tano kicheko kilikatika. Homa ilimpanda mpaka meno yakagongana. Hospitalini muuguzi alikuwa anaandika malaria, mama mkwe akamshika mkono.

"Alivuta kondo la mbuzi. Mimi nilimtuma. Na daktari wa mifugo aliniambia lina hatari, nikanyamaza."

Benchi zima lilisikia. Mkamwana akageuzia uso ukutani. "Siku zote hizo, Mama?"

Alilazwa, akapewa dawa za bakteria. Mama mkwe alipita ukumbini huku na huko hadi mlinzi akambandika jina la Doria. Majibu ya maabara yalithibitisha shaka ya daktari. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutia huruma, lakini alilia kwa nguvu.

Mkamwana aliruhusiwa akaenda kwao. "Sina kinyongo," alisema, "ila mwanangu halali karibu na zizi lile."

Mama mkwe huenda kuwaona kila Jumapili. Hukaa ukingoni mwa kiti, akifungua mkoba na kuufunga. Mpaka leo hajaambiwa ambebe mtoto, naye hajathubutu kuomba.