Kidevu cha Daktari

Wembe ulimponyoka kinyozi mteja akiwa bado na povu shavuni. Mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande. Kiharusi, na mtu mwenyewe hata mvi hana. Mungu si Athumani, mkono ukarudi, lakini wembe hakuugusa tena.

"Kikinirudia nikiwa shingoni mwa mtu?" alimwuliza mkewe.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Presha nzuri, sukari nzuri, na kila aliyempima aliishia kuinua mabega. Mpaka walipofika kwa daktari wa moyo, mtu mpole mwenye ndevu zilizoota zipendavyo.

"Ndevu hizo, daktari, zina mwenyewe?" kinyozi alitania.

Daktari akacheka, akamtia mshipani maji ya chumvi yaliyotikiswa yakajaa viputo. Kwenye skrini ya kipimo cha moyo, mke aliona upande wa kulia uking'aa kwa viputo, wa kushoto mweusi tii.

"Kaza tumbo, kisha achia."

Hakuna kiputo kilichovuka kwenda kushoto. Mke akachukua mkoba wake. Wamegonga mwamba tena.

"Kaa kwanza, mama," daktari alisema. "Mumeo ananionea haya. Fundi, jikaze kama unasukuma gari bovu. Tena."

Alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipoachia, viputo vikavuka, kimoja, viwili, kundi zima. Mke alimpenda yule daktari saa ileile, kwa kutokubali kushindwa upesi.

"Kila mtoto huzaliwa na kijitundu hiki katikati ya moyo," daktari alieleza. "Kwa wengi hujifunga. Chako kimebaki, na donge la damu likipenya hapo hupanda kichwani. Tutakiziba kwa kupitia mshipa wa paja, bila kupasua kifua."

"Usipoziba ufa..." mke alianza.

"Mama watoto, nimesikia."

Kikazibwa. Baada ya miezi kadhaa wakapima tena, na kushoto kukabaki kweusi.

"Unaniapia kiharusi hakitarudi?" kinyozi aliuliza.

"Siapi. Hatari imepungua sana, na vidonge usiache."

Kinyozi akarudi saluni, akawa ananyoa kwa mashine tu. Wembe ulibaki kabatini.

Jumamosi moja daktari aliingia, akaketi, akaegemeza kichwa nyuma, shingo wazi.

"Uliuliza kama zina mwenyewe. Ondoa zote, kwa wembe."

"Daktari, wewe mwenyewe hukuapa."

"Sikuapa," alisema, akafumba macho.

Mke, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, akafungua kabati, akamkabidhi wembe. Yeye ndiye aliyetetemeka kuliko wote, akiutazama wembe ukipanda kooni taratibu, huku daktari akianza kukoroma.