Mdomo Ulioponza Kidole

"Fungua mdomo, mama."

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya kiti, bandeji imefunguliwa, unanuka kama dagaa wa omena waliosahaulika. Nikamtazama Daktari Wanyonyi.

"Daktari, mimi nimeleta kidole cha mguu. Ama hapa Bungoma viungo vimehamishwa?"

Binti yangu Waithera alinifinya. Alikuwa amesikia, kama mimi, kwamba kidonda kisipoanza kufunga kwa wiki mbili, kidole kitakatwa. Nami nauza viatu vya mitumba Kitale. Nani atanunua kiatu kwa mtu anayechechemea?

Nikafungua. Daktari akarudi nyuma kidogo, kwa adabu.

"Fizi zinatoa damu?"

"Sijaiona."

Haukuwa uongo kamili. Miaka miwili kabla ya hapo, nilipoona damu kwenye mswaki mweupe, nilikwenda dukani kwa Bhavika nikaomba mwekundu.

"Mama Waithera, kuna bluu, kuna kijani," akasema.

"Nyekundu ni rangi ya mapenzi."

"Ya mswaki?"

Tangu siku hiyo mswaki haukunishtaki tena. Lakini mate yalikuwa mbea, kwa hiyo nikaamua meno yapumzike. Kitu kikitoa damu si unakiacha? Nilikuwa nimeachwa na mume, kibanda kikaungua, na sikulia. Ningelilia ufizi?

"Anadanganya," Waithera akasema. "Akiuma mkate anauachia alama nyekundu."

Wanyonyi alinidunga kidole cha mkono, akasoma kile kimashine.

"Sukari iko juu sana, mama. Inaharibu fizi, inazuia kidonda kupona. Na hizo fizi zikioza, zinapandisha sukari tena. Zinalishana."

"Kwa hivyo mdomo wangu unakula mguu wangu?"

"Unausaidia kuliwa."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu, kwa bidii yake, ulikuwa umeteremka mpaka kidole.

Nilipewa dawa za sukari. Fizi zilikwanguliwa, meno mawili yakang'olewa, nami nikaanza kupiga mswaki asubuhi na jioni kama mtoto wa bweni, nikitema wekundu na kuendelea. Wiki mbili baadaye nilirudi Bungoma. Wanyonyi aliifungua bandeji taratibu, mkunjo baada ya mkunjo. Waithera alinishika bega.

"Kinafunga," daktari akasema.

Waithera akalia. Mimi nikauliza kama lile pengo la meno mawili naweza kulipangisha.

Juzi, pale kibandani, Jepkoech wa saluni ya jirani alijaribu kiatu cheusi cha ngozi, akatembea hatua tatu, akakunja uso.

"Ni kizuri, lakini kinanibana kidole."

Kwa miaka ishirini mteja akisema hivyo, jibu langu lilikuwa moja: kitapanuka.

"Vua," nikamwambia. "Tutafute kingine."