Neutrino ya Kamikazi

Katika kanisa lao lote la wakimbizi, mtaani Riverside mjini Buffalo, hakuna aliyewahi kufika Ncha ya Kusini ya dunia isipokuwa Kamikazi. Wenzake walipoingia kazi za maghala na viwanda, yeye alikwenda Columbus kusomea fizikia, kisha akapelekwa kufukia antena kwenye barafu. Baba yake, mzee Gakunzi, alikuwa akiamini kwamba Buffalo ndiyo mwisho wa baridi. Aliposikia habari hizo, alifunga kula akimwombea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvizia neutrino, chembe ndogo kupita kiasi inayopenya milima na miili ya watu bila kugusa kitu. Mara chache mno moja huigonga barafu, na antena husikia mlio wake. Kikundi chao cha watafiti kilisubiri moja yenye nguvu kubwa kutoka mbali sana angani. Miaka ikapita, antena zikisikia upepo na mitambo tu.

Asubuhi moja ya Machi 2015, Kamikazi akauona mlio waliousubiri kwenye data. Alitafuta kosa siku kadhaa, asilipate. Ndipo akamwita Agata, Mpolandi aliyekuwa naye ofisi moja huko Columbus, ambaye alizoea kuja kula kwake mtaani Linden siku za Jumapili.

"Njoo uone. Niambie nimekosea wapi."

Agata akatazama, akatazama tena. "Sioni kosa," alisema, macho yakiwa chini.

Kamikazi akabubujikwa na machozi. Agata akamkumbatia.

Kamikazi alitakiwa anyamaze hadi mkutano wa kikundi, lakini angewezaje? Alimpigia baba yake simu. Naye mzee, Jumapili iliyofuata, akasimama mbele ya waumini akamshukuru Mungu kwa mambo aliyomfunulia binti yake. Kwaya ikaimba hadi sauti zikakauka.

Mkutano ulifanyika Louisville, katika ukumbi wa hoteli. Kamikazi alieleza kazi yake, watu wakapiga makofi. Kisha kiongozi wa kikundi akainuka.

"Kabla hatujatangaza, nina neno. Mwaka jana niliagiza mmoja wetu apandikize neutrino ya uongo kwenye data, tuone kama tungeigundua. Ndiyo hii. Agata, tafadhali simama."

Kamikazi aliona midomo ya watu ikicheza, asisikie kitu. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na mtu mmoja akakitoa mkononi mwake taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Agata alimfuata nje.

"Niliapishwa. Ningekwambia, jaribio lingeharibika."

"Nililia mbele yako. Ukanikumbatia!"



Kutoka Louisville, Kamikazi alipanda basi hadi Buffalo. Baba yake alimsikiliza akiwa amesimama.

"Bon. Donc ile kitu haikukuwa?" aliuliza, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Haikuwepo, Papa."

"Na ule rafiki yako alijua?"

"Alijua."

Mzee alishika kiti, akaketi kwa shida. "Mi nilisema mbele ya Mungu," alinong'ona. Halafu akauliza, "Hata kwa kazi ya kutafuta ukweli, banatumia uongo?"

"Walitaka kujua kama tunaweza kuiona. Na niliiona, Papa."

"Basi hukukosea?"

"Sikukosea."

"Hiyo utaisema wewe mwenyewe kanisani."

Jumapili Kamikazi alisimama mbele ya waumini, akasema. Kanisa likapigwa na bumbuazi. Mwishowe mama mmoja wa kwaya akauliza, "Sasa ile ya kweli itakuja lini?"

"Sijui, mama," alijibu Kamikazi.

Kabla mwaka haujaisha, kikundi kilimkabidhi uongozi wa uchambuzi wote, maana jicho lake lilikuwa limethibitishwa. Alikubali. Agata alibaki meza ya pili; walisalimiana, wakafanya kazi vizuri. Ila kila mlio safi ulipotokea, kabla ya kuupima, Kamikazi aligeuka kwanza akamtazama Agata usoni.